Kiharusi kidogo hakiletwi na kuanza kuoga kichwani

Ule ujumbe wa kuoga haukauki kwenye magrupu yetu ya Mombasa: eti ukianza kujimwagia maji kichwani badala ya miguuni, mishipa hupasuka, ndiyo maana mtu hupinda mdomo, akapona, kisha ikamrudia.

Sivyo. Kiharusi kidogo mara nyingi ni damu iliyoganda kuziba mshipa wa ubongo kwa muda mfupi, kwa kawaida chini ya saa 1, kisha ikaachia. Kikijirudia, chanzo bado kipo: presha, sukari, sigara, mafuta yaliyojijenga kwenye mishipa ya shingo, au moyo unaopiga bila mpangilio. Haya yote yanaweza kuchunguzwa hospitalini. Presha tu ni kufungwa mkanda mkononi dakika chache.

Watu huchanganyikiwa kwa kuwa wapo wanaoangukia bafuni asubuhi. Lakini asubuhi presha hupanda yenyewe, kopo likiwa bado ndooni.

Kinachoniumiza ni mzee anayebadili namna ya kuoga, halafu akaacha dawa za presha. Tafadhali, usiutume tena ujumbe huo. Mdomo ukienda upande, mkono ukalegea au ulimi ukawa mzito, hata ikipita baada ya dakika 5, mpelekeni hospitali hapo hapo. Siku za mwanzo ndizo zenye hatari kubwa ya kiharusi kamili.