Je, wajua kwa nini maswali 9 humpa mtafiti jina kuliko kitabu kizima?

Binti wa jirani yangu yuko mwaka wa mwisho wa chuo, anaandika utafiti kuhusu sonona, yaani maradhi ya huzuni nzito, kwa wagonjwa wa kisukari. Juzi barazani alinionesha kwenye simu orodha ya makala za profesa mmoja wa saikolojia. Pembeni mwa kila makala pana nambari: moja 3, nyengine 11, moja elfu na ushei.

"Ami, hii elfu imetoka wapi?"

Ni manukuu, yaani mara ambazo watafiti wengine wameitaja makala hiyo. Google Scholar, mtambo wa Google wa kutafuta makala za kitaaluma ulioanza 2004, huyahesabu wenyewe. Chini yake pana faharasa ya h, nambari moja ya kupimia kazi zote za mtafiti, iliyobuniwa 2005 na mwanafizikia Jorge Hirsch wa California. Hesabu yake ni ya dukani tu. Chukua makala tano zilizotajwa mara 40, 12, 6, 4 na 1. Makala nne zimetajwa angalau mara nne kila moja, basi h ni 4. Ile ya 40 huhesabiwa sawa na ile ya 4.

Kutajwa si kusifiwa, lakini. Makala ya Andrew Wakefield ya 1998 iliyohusisha chanjo na usonji ilifutwa na jarida lake 2010, na bado hutajwa sana, mara nyingi na wanaoipinga.

Kinachovuna manukuu hasa ni kipimo. Mwaka 2001 watafiti watatu wa Marekani, Kroenke, Spitzer na Williams, walichapisha makala kuhusu PHQ-9, dodoso la kupimia sonona lenye maswali 9 juu ya hali yako ya wiki mbili zilizopita: usingizi, hamu ya kula, uchovu, huzuni. Kila jibu lina alama 0 hadi 3, jumla haizidi 27. Ni fupi na halilipiwi. Makala hiyo imetajwa makumi ya maelfu ya mara, kwa sababu kila anayelitumia dodoso lazima aseme amelitoa wapi. Ni kama pishi sokoni: mchele wa huyu na wa yule, kipimo kimoja.

Kinachoniudhi ni kuwa anayehangaika kulifanya dodoso lieleweke kwa Kiswahili hutajwa na wachache tu, wale wanaofanya kazi kwa lugha hii. Na kazi yenyewe si ndogo. Binti yule alikwenda Makunduchi na tafsiri aliyoiokota mahali, akamuuliza bibi mmoja, "Unajisikia chini?" Bibi akamtazama. "Nimekaa mkekani, mwanangu, nitajisikiaje juu?"

Akaligeuza swali: je, moyo umekuwa mzito, umekata tamaa?

Bibi akanyamaza, akakunja ncha ya kanga yake. "Hilo ndilo," akasema. "Tangu mwezi wa Shaabani."