Kutapika kwa Vipindi: Maradhi Yanayotambulika kwa Mpangilio Wake

Malalamiko yanayofika katika kliniki zetu za Unguja na Pemba yanafanana sana. Mtoto ametapika siku mbili mfululizo, amelazwa, ametundikiwa dripu, vipimo vyote vimetoka safi, ameruhusiwa akiwa mzima, na baada ya wiki sita yamerudi yale yale. Wazee wake huondoka wakiamini kuwa hospitali imeficha jambo. Tunawaelewa, lakini tunaomba waelewe pia kwamba majibu safi ya vipimo, pamoja na kurudi kwa hali ile ile, ndiyo dalili inayotufanya tufikirie maradhi ya kutapika kwa vipindi.

Maradhi haya si mapya, kwani daktari Mwingereza Samuel Gee aliyaeleza kwa watoto tangu mwaka 1882. Shambulio moja hufanana na jingine kwa saa linapoanza, kwa muda linaodumu na kwa ukali wake. Mara nyingi huanza ghafla usiku wa manane au alfajiri. Mtoto hupauka, hutoka mate mengi, huumwa na tumbo, hulegea na kukataa mwanga na kelele, kisha hutapika mara 4 au zaidi kwa saa hata tumbo likiwa tupu. Baada ya saa kadhaa au siku chache huamka, huomba chakula na kurudi skuli kama hakuwa yeye. Kwa watoto, ambao wengi huanza wakiwa na umri wa miaka 3 hadi 7, tunatafuta angalau vipindi viwili ndani ya miezi 6. Kwa watu wazima tunatafuta mashambulio matatu au zaidi ndani ya mwaka mmoja, mawili kati yake yakiwa ya miezi 6 iliyopita, na kila moja likitenganishwa na jingine kwa wiki moja au zaidi. Wagonjwa wengi wana ndugu wa karibu mwenye kipandauso, yaani maumivu makali ya kichwa yanayorudi rudi, na wengine hupata kipandauso wenyewe wanapokua, ndiyo maana tunauliza habari za mama, khaloo (dada wa mama) na bibi hata kama familia inaona tunapoteza wakati.

Hatuwezi kutaja jina la maradhi haya kabla ya kuondoa mengine yenye hatari. Matapishi ya kijani kwa mtoto, hasa mchanga, yanaweza kuwa utumbo uliojisokota, na huyo haletwi kesho, analetwa sasa hivi. Vivyo hivyo damu katika matapishi, maumivu makali ya tumbo yasiyotulia, kichwa kinachouma kila asubuhi na kuzidi wiki hadi wiki, kuchanganyikiwa, au kiu na mkojo mwingi vinavyoashiria kisukari. Mtoto wa chini ya miaka 2, au anayepoteza fahamu kila anapokaa na njaa, huchunguzwa pia maradhi ya kuzaliwa nayo ya namna mwili unavyotumia chakula. Maumivu ya ubavu yanahitaji picha ya figo, na mwanamke wa umri wa kuzaa hupimwa ujauzito.

Inasikitisha kuona mtoto aliyepewa dawa za taifodi mara tano kwa mwaka bila ya homa hata siku moja. Malaria hupimwa, haikisiwi. Wanaoamini kuwa mtoto amepatwa na husda hatuwazuii kumsomea dua, na wengi wetu tunafanya hivyo kwa watoto wetu. Tunachokataza ni kumlazimisha kunywa kombe (maji yaliyooshewa maandishi ya Kurani) au dawa ya mitishamba wakati anatapika, na kumchelewesha nyumbani hadi macho yamezama na mkojo umekatika.

Ili kuokoa muda, tunaomba utaratibu huu ufuatwe. Anzia kituo cha afya kilicho karibu nawe na upewe fomu ya rufaa iliyotiwa saini na muhuri. Fomu isiyo na muhuri hurudishwa, na mgonjwa hupoteza siku yake. Njoo na daftari lenye tarehe ya kila shambulio, saa lilipoanza na lilipokwisha, idadi ya kutapika, chakula cha siku iliyotangulia, usingizi, safari, na kwa wasichana tarehe ya hedhi. Njoo na majibu yote ya zamani, hata yaliyo safi. Ukirekodi kwa simu namna mtoto anavyokuwa, inatusaidia kuliko maelezo marefu. Maradhi yakithibitika utapewa barua ya dharura yenye maelekezo ya matibabu. Itoe nakala, moja ikae nyumbani na nyingine isafiri na mgonjwa anapovuka baina ya Pemba na Unguja.

Tiba ina sehemu mbili. Shambulio linapoanza, kuwahi ndiko kunakosaidia: chumba chenye giza na utulivu, ondansetroni ambayo ni dawa ya kuzuia kutapika, na kwa baadhi ya wagonjwa sumatriptani, dawa ya kipandauso, kabla kutapika hakujashika kasi. Akishindwa kunywa, hospitali humpa maji ya mshipa yenye glukosi na chumvi, baada ya kupima sukari na madini ya damu. Kwa wenye mashambulio ya mara kwa mara kuna dawa za kinga za kila siku: saiproheptadini kwa watoto wadogo, amitriptilini kwa wakubwa na watu wazima, au propranololi kwa wasio na pumu. Amitriptilini hutumika pia kutibu sonona, na kwa sababu hiyo familia nyingi huiacha zikidai mtoto amepewa dawa ya wazimu. Hakupewa dawa ya wazimu. Dozi huanza ndogo, hunywewa usiku, moyo hukaguliwa kwa kipimo cha umeme, na manufaa huonekana baada ya wiki kadhaa.

Vichochezi vya shambulio vinatofautiana: mafua, uchovu, kukosa usingizi, njaa ya muda mrefu, hofu ya mitihani, na hata furaha. Mtoto anayekesha usiku wa kuamkia Idd na kushinda kwenye viwanja vya sikukuu vya Tibirinzi, Pemba, bila ya kula anaweza kuanza kutapika alfajiri inayofuata. Anayejijua kuwa njaa humchochea azungumze na daktari kabla ya Ramadhani. Sheria ya dini imempa mgonjwa ruhusa, na mtoto anayefundishwa kufunga hana haja ya kushindana na wenzake.

Watu wazima tunawauliza pia kama wanatumia bangi, na tunauliza ili tujue namna ya kuwatibu. Matumizi ya muda mrefu huleta kutapika kunakofanana mno na maradhi haya, na anayetumia hawezi kutofautishwa mpaka aache kabisa kwa angalau miezi 6. Kuoga maji ya moto ili kupata nafuu hakuthibitishi kitu, kwani hata wasiotumia bangi hufanya hivyo.

Mwisho, dawa zote tulizozitaja hutolewa kwa cheti cha daktari. Duka linaloziuza bila ya cheti linavunja sheria, na Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar hukagua maduka hayo. Mnunuzi naye ajue kuwa ondansetroni na amitriptilini zote zinaweza kuvuruga mapigo ya moyo, hivyo hazichanganywi kwa ushauri wa jirani. Tarehe ya kurudi kliniki imeandikwa kwenye kadi. Anayetaka kuacha dawa aje siku hiyo, ipunguzwe kidogo kidogo.