Joto la Mwanzo wa Kiangazi: Pima Maji Kabla ya Kumrushia Trauti Chambo

Ukifungua mkoba wa mvuvi wa trauti utakuta mishipi, koleo na kijaluba kilichojaa nzi bandia wa manyoya na nyuzi. Kinachokosekana mara nyingi ni kipimajoto. Siku za joto la mwanzo wa kiangazi, hicho ndicho cha kwanza kutumbukizwa mtoni, kabla ya chambo chochote.

Trauti ni samaki wa maji baridi. Hustawi maji yakiwa nyuzi 10 hadi 16 hivi za Selsiasi. Joto likipanda, mwili wake hudai oksijeni zaidi, wakati huohuo maji yanabeba kidogo. Lita moja ya maji ya nyuzi 10 huweza kushika miligramu 11 hivi za oksijeni. Yakifika nyuzi 25 hushika 8 na kidogo tu. Joto la mwanzo wa msimu lina ubaya wake wa ziada, maana samaki bado amezoea maji ya baridi na mwili haujapata muda wa kujirekebisha.

Sasa mnase samaki huyo, ukikusudia kumrudisha mtoni akiwa hai. Kila anapovuta mshipi misuli yake hujaa asidi, na ukimtoa majini matamvua yake hugandamana, asiweze kuvuta pumzi. Mwaka 1992 watafiti wa Kanada walichapisha matokeo ya jaribio la maabara kwa trauti wa upinde wa mvua. Waliochoshwa bila kutolewa majini, asilimia 12 walikufa. Waliochoshwa kisha wakawekwa hewani sekunde 30, walikufa asilimia 38. Sekunde 60, asilimia 72. Sekunde 60 ni muda wa kutafuta simu na kupiga picha mbili. Vifo hivyo havikuwa vya papo hapo, vilikuja saa kadhaa baadaye. Ndiyo maana mvuvi hurudi nyumbani akiamini amemwachilia samaki mzima. Nimewahi kumfuata kwa macho mmoja aliyeondoka mkononi kwa nguvu. Mita chache mbele alijiegemeza kwenye jiwe, akapinduka taratibu, tumbo jeupe likatazama juu.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: maji yakifika nyuzi 18, vua kwa tahadhari na utazame kipimajoto mara kwa mara, yakifika 20, kunja mshipi. Pima mahali penye kivuli ambapo maji yanatembea, si pembeni kwenye maji ya kina kifupi yaliyochomwa na jua.

Saa nayo ina neno. Mto huwa baridi zaidi alfajiri na muda mfupi baada ya jua kuchomoza, basi vua mapema na uwe umemaliza kabla jua halijakaza. Jioni ndiyo inayodanganya wengi. Upepo unapoa, wadudu wanaibuka juu ya maji, trauti wanaruka kuwadaka, na mkono unawasha. Lakini maji hupoa polepole kuliko hewa. Mara nyingi joto la mto hufika kilele alasiri na kuendelea kukaa juu hadi giza liingie. Jimbo la Montana, Marekani, lina utaratibu wa kufunga uvuvi kwenye mito iliyopata joto kuanzia saa nane mchana hadi saa sita usiku. Jioni yote imo ndani ya katazo.

Unapovua asubuhi, tumia uzi wa mwisho, ule unaofungwa ndoana, ulio imara ili usimzungushe samaki muda mrefu. Bana kijino cha ndoana kwa koleo, itoke bila kuchimbua. Lowesha mikono kabla ya kumgusa, kwa sababu ute wa ngozi yake ndio kinga yake. Mwache ndani ya wavu wa mpira, maji yampite, umtoe ndoana humohumo. Kisha mshikilie wima akielekea mkondo unakotoka. Usimsukume mbele na nyuma. Subiri matamvua yafunguke na kufunga kwa mpangilio, na mkia upige wenyewe.

Wakati mwingine utawakuta trauti wengi wamejipanga bega kwa bega kwenye mdomo wa kijito au penye chemchemi, hawali, hawasogei. Wamekimbilia hapo kutafuta ubaridi. Usiwarushie chambo, na ukivuka mto, zunguka mbali nao.