Je, wajua kwa nini maharage hutoka salama kwenye friza na viazi hutoka vimeharibika?

Chukua mabakuli mawili. Moja lina maharage yaliyochemshwa, jingine lina mchuzi wa viazi mbatata. Vyote vimepikwa siku moja na vikaingia friza pamoja. Baada ya wiki mbili unavitoa. Maharage ukiyaunga kwa kitunguu na nyanya, hakuna atakayejua kama yalilala. Viazi vimelegea, vinachuruzika maji, na ukivitafuna unahisi unatafuna sifongo. Baridi ni ileile, sasa kwa nini kimoja kimepona na kingine kimeharibika?

Wanaopika mwishoni mwa wiki chakula cha siku zote zinazofuata, ili kuokoa gesi, mkaa na muda, hukutana na swali hili mapema. Wengine huacha kabisa baada ya kumwaga sufuria ya kwanza, wakidhani friza yao ni mbovu. Friza haina kosa. Waligandisha kisichogandishika.

Maji yakiganda hutanuka kwa karibu asilimia 9. Friza ya nyumbani hugandisha polepole, na maji yanayoganda polepole hujenga chembe kubwa za barafu zinazopasua kuta za seli za chakula. Barafu ikiyeyuka, yale maji hayana tena pa kukaa, yanatoka. Kiazi ni maji kwa karibu asilimia 80, na kuta za seli zake zilikwisha kulainishwa na moto kabla baridi haijazifikia. Tango na nyanya za kachumbari, ambazo maji yake yanapita asilimia 90, hata usijaribu.

Halafu kuna wanga. Wanga ukipikwa hunywa maji na kuvimba. Ukipoa, minyororo yake huanza kurudiana na kubanana, na katika kubanana hukamua maji. Ndiyo sababu wali uliolala kwenye friji huwa mgumu. Ajabu ni kwamba ugumu huu huja haraka zaidi kwenye baridi ya friji, nyuzi 4 hivi, kuliko kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri, ambako kila kitu kimeshikwa hakisogei. Kwa hiyo wali unaokusudia kuula baada ya siku nne ni heri uugandishe, kisha uupashe ukiwa umefunikwa, na maji kidogo yamenyunyiziwa juu. Mvuke unaulainisha upya.

Harage nalo lina wanga mwingi, lakini umefungiwa ndani ya seli pamoja na protini, na kuta za seli hizo ni imara. Moto unapoliivisha, seli huachana bila kupasuka. Ponda harage lililoiva kati ya vidole: utahisi ungaunga laini, si utelezi wa kunata, kwa sababu wanga bado umo ndani ya vifuko vyake. Barafu haina cha kuvuruga hapo. Kunde, mbaazi, choroko na makande hufuata njia hiyohiyo.

Mtu atauliza: mbona chipsi za supamaketi zinauzwa zikiwa zimegandishwa na ukizikaanga ni nzuri? Kwa sababu kiwandani vile viazi hupitishwa kwenye maji ya moto, vikakaushwa, vikakaangwa nusu hadi sehemu ya maji yake ikatoka, ndipo vikagandishwa kwa dakika chache kwenye baridi kali sana. Kuganda haraka hutoa chembe ndogo za barafu, zisizopasua sana. Mmarekani Clarence Birdseye aliliona hili kwa macho yake huko Labrador, Kanada ya leo, katika miaka ya 1910: samaki waliovuliwa na Wainuit, wenyeji wa huko, waliganda papo hapo kwenye upepo wa baridi kali, na walipoyeyushwa walikuwa kama wametoka majini. Miaka ya 1920 akaunda mashine ya kubana pakiti bapa za chakula kati ya mabamba ya chuma yenye baridi, na mwaka 1930 bidhaa zake zikaanza kuuzwa madukani Springfield, Massachusetts.

Mashine hiyo huna, lakini ubapa unao. Muda wa kuganda hutegemea sana unene: ukipunguza unene kwa nusu, muda hushuka kwa nusu au zaidi. Maharage yaliyotandazwa kwenye mfuko au chombo cha kina kifupi, unene wa vidole viwili, yakalazwa moja kwa moja juu ya sakafu ya friza, huganda mapema kuliko kopo la lita mbili lililojaa hadi juu. Na siku ya kupika unavunja kipande unachokitaka badala ya kuyeyusha kopo zima.

Tuje kwenye pesa. Hapa nina msimamo: gandisha kile kilichokula moto, usihangaike na kile kilichokula ufundi. Maharage yaliyokaa muda mrefu ghalani kwenye joto na unyevu hugoma kuiva, na yanaweza kukaa jikoni saa tatu. Kuyaunga ni dakika 15. Gharama iko kwenye zile saa tatu, kwa hiyo hizo ndizo za kufanya mara moja kwa wiki mbili. Kuunga fanya siku ya kula, leo kwa nazi, kesho kwa karoti na hoho, na watoto hawatalalamika kwamba wanakula kitu kimoja. Kwa mantiki hiyohiyo supu ya mifupa, makongoro na utumbo vinastahili nafasi ya friza. Mchicha unaoiva kwa dakika tano haustahili.

Kwa nini kuchemsha kilo mbili hakuli moto mara nne ya nusu kilo? Kwa sababu sufuria ikishachemka, kazi ya moto ni kufidia joto linalopotea, na joto hupotea kupitia uso wa nje wa sufuria na kupitia mvuke. Sufuria yenye ujazo mara nne, ikiwa na umbo lilelile, ina uso wa nje wa mara mbili na nusu tu. Mfuniko ndio wenye maajabu zaidi. Kupasha lita moja ya maji kutoka nyuzi 25 hadi 100 kunahitaji kilojuli 314 hivi. Kuigeuza lita hiyohiyo kuwa mvuke kunahitaji zaidi ya kilojuli 2,200, yaani mara saba. Anayeacha maharage yakitokota wazi na moto mkali analipia mvuke uendao darini. Maji yanayochemka taratibu chini ya mfuniko na maji yanayorukaruka yana karibu joto lilelile, na harage haliivi upesi kwa sababu ya fujo.

Isipokuwa mwanzoni. Maharage, hasa yale mekundu makubwa, yana sumu ya asili inayosababisha kutapika na kuharisha, na moto mdogo peke yake hauiondoi. Yaloweke usiku kucha, mwaga yale maji, kisha yachemke kwa nguvu angalau dakika 10 ndipo upunguze moto au uyahamishie kwenye kikapu cha kuhifadhi joto.

Umeme wa LUKU je? Kuondoa joto kwenye kilo moja ya maji kutoka nyuzi 25 hadi 18 chini ya sifuri ni kuhamisha joto la kama uniti 0.13, na friza huhamisha joto hilo kwa umeme pungufu ya hapo. Kama friza tayari iko nyumbani na inanguruma usiku na mchana, nyongeza ni ndogo. Ila kununua friza ili uokoe gesi ya maharage, hesabu hiyo naikataa.

Hatua inayoumiza watu kwa kweli ni ile ya kati, ya kupoza. Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kilichopikwa kisikae zaidi ya saa mbili kwenye joto la kawaida, kwa kuwa kati ya nyuzi 5 na 60 bakteria huzaana haraka. Sufuria ya lita kumi ikiachwa juu ya jiko lililozimwa, katikati yake itakuwa vuguvugu hadi usiku, na ukiitia friza ikiwa moto unayeyusha vya jirani. Iweke kwenye beseni la maji baridi, koroga, badilisha maji, kisha gawa kwenye vyombo vya kina kifupi. Wali uwe wa kwanza kupozwa: mbegu za bakteria fulani hustahimili kuchemka, na sumu watakayoitoa baadaye haiondoki kwa kupasha moto. Friza haiui bakteria hao, inawasimamisha tu.

Acha nafasi ya vidole viwili juu ya kopo kwa ajili ya ile asilimia 9. Mchuzi wa maharage uyafunike, maana kilicho wazi hukauka na kuwa na mabaka meupe, barafu yake ikigeuka mvuke bila kupitia maji. Tui la nazi hukatika likiganda, kwa hiyo litie siku ya kuunga. Andika jina na tarehe, maana kila nyumba ina kopo la aiskrimu lililowahi kumvunja mtoto moyo. Ndani ya miezi mitatu ladha inakuwa bado nzuri.

Na umeme ukikatika, usifungue mlango. Friza iliyojaa hutunza baridi saa 48 hivi, iliyo nusu kama saa 24. Ukisafiri, gandisha kikombe cha maji na uweke sarafu juu ya barafu. Ukirudi ukaikuta juu, chakula hakikuyeyuka. Ukiikuta chini ya barafu, kiliyeyuka kikaganda tena bila wewe kujua kilikaa muda gani, na hicho ni cha kumwaga hata kama hakinuki.