Mtoto mchanga haongezeki uzito: ni ugonjwa au ndivyo alivyo?

Kutokukua vizuri ni ugonjwa kweli?
Ni tatizo la kitabibu linalotambuliwa rasmi. Katika orodha ya kimataifa ya magonjwa, toleo la 10, utapiamlo una misimbo E40 hadi E46, na kutokukua inavyotarajiwa kuna msimbo wake, R62. Hiyo R62 imo kwenye sura ya dalili, yaani ikishaandikwa kwenye faili, chanzo lazima kitafutwe. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo unaowagusa hata watoto wa chini ya miezi 6 walio hatarini kukua vibaya, pamoja na mama zao. Kwa hiyo mhudumu akikwambia "atanenepa tu" bila kumpima, mwombe ampime.

Nitajuaje?
Kwa mizani, siyo kwa macho. Siku za kwanza mtoto hupungua kidogo, lakini kufikia wiki 2 awe amerudisha uzito wa kuzaliwa. Miezi 3 ya mwanzo wengi huongeza kati ya gramu 20 na 30 kwa siku. Mstari wa uzito kwenye kadi ya kliniki ukilala au ukishuka, hiyo ni taarifa. Na tafadhali, mvue nguo zote! Tunaletewa mtoto na sweta, kofia na nepi iliyojaa, halafu nyumbani wanafurahia gramu za sweta.

Ukoo wetu wote ni wembamba. Bado nije?
Njoo. Mtoto mwenye umbo dogo la ukoo hufuata mstari wake, mdogo lakini unaopanda. Ukoo haushushi mstari.

Mbona ni mtulivu, halii hovyo?
Ndiyo hao wanaotutia hofu. Mtoto mwenye njaa ya muda mrefu huchoka hata kulia. Analala mno, ananyonya dakika chache anasinzia, na nyumbani anasifiwa kwa upole.

Tusubiri mwezi mmoja tuone?
Hapana. Kadi nyingi tunazofunua zina nukta ya mwisho ya miezi kadhaa iliyopita, na jibu ni hilohilo: "tulikuwa tunasubiri." Ubongo wa mtoto unakua kwa kasi kubwa miezi hii, nao hausubiri. Usisubiri meno, usisubiri atambae, usisubiri baba arudi safari.

Nimwongezee maji au chakula chepesi?
Kabla ya miezi 6, hapana. Maji yanajaza tumbo, mtoto ananyonya kidogo, maziwa ya mama yanapungua, kisha kuhara kunamalizia. Na anayetumia maziwa ya kopo asiyazimue ili yadumu. Huko ni kumnyima chakula kwa kijiko.

Kipi hakingoji hata kesho?
Kushindwa kunyonya, kutapika kila kitu, degedege, kupumua kwa shida, kulegea, mwili wa moto au wa baridi. Pia miguu yote miwili kuvimba: bonyeza kwa kidole gumba, shimo likibaki, ondoka sasa hivi.

Kliniki mtamfanya nini?
Tutampima, tutatafuta maambukizi na kasoro za mdomo, na tutakaa tumwangalie akinyonya. Mama naye tutamuuliza anavyolala, anavyokula, na kama moyo wake umezama tangu ajifungue. Mengi hurekebishwa hapohapo kwa kubadili namna ya kumpakata na kumnyonyesha mara 8 hadi 12 kwa siku, usiku ukiwemo. Baada ya hapo utapewa tarehe ya kurudi, na tarehe hiyo ni ya karibu kwa makusudi.