Udhibiti wa majina: ufundi wa mkutubi ndani ya Wikipedia

Aliyetuandikia Kuli na Vuta N'kuvute ni Mzanzibari mmoja, lakini ukimfuata kwenye majalada na kwenye maandiko ya wahakiki utamkuta kwa majina matatu: Adam Shafi, Adam Shafi Adam na Shafi Adam Shafi. Msomaji hasumbuki. Anakijua kitabu, anakichukua, anaondoka. Anayekuna kichwa ni mkutubi, kwa sababu katalogi haisomi riwaya, inapanga herufi. Adam ataangukia A, Shafi ataangukia S, na mwanafunzi aliyeanzia A ataondoka akiamini maktaba ina kitabu kimoja tu cha mtu huyu, kumbe vingine viko S vinapigwa vumbi.

Dawa yake inaitwa udhibiti wa majina. Ni utaratibu wa kuchagua umbo moja la jina kwa kila mtu, shirika au mahali, kulifunga umbo hilo kwa mwenyewe peke yake, kisha kuandika maumbo mengine yote kando yake ili anayeingia kwa jina jingine aelekezwe. Enzi za kadi ulikuwa unauona kwa macho. Unavuta droo, unakuta kadi isiyo na kitabu chochote, imeandikwa tu: "Shafi Adam Shafi, tazama Adam Shafi". Kadi ile haikuwa na cha kuazima. Ilikuwa kibao cha njiani.

Neno "udhibiti" linatisha bure. Hakuna anayemkataza mtu kujiita atakavyo. Kinachodhibitiwa ni katalogi isimgawe mtu mmoja mara tatu, wala isiwafunge watu wawili kamba moja. Hilo la pili ndilo gumu zaidi. Ebrahim Hussein ni Mtanzania aliyeandika tamthilia ya Kinjeketile, iliyotoka mwaka 1969. Ibrahim Hussein ni Mkenya aliyeshinda marathoni ya New York mwaka 1987 na ya Boston mara tatu, 1988, 1991 na 1992. Herufi moja tu ndiyo inayowatenga, na nusu ya waandikaji huikosea. Mwachie kompyuta kazi hiyo peke yake na siku moja utasoma kwamba mshindi wa Boston aliandika tamthilia ya Maji Maji.

Majina yetu yanaongeza ugumu, maana kanuni nyingi za katalogi zilitungwa na watu wenye jina la ukoo. Wao humgeuza mtu: jina la ukoo mbele, mkato, kisha jina lake. Sasa geuza Ngũgĩ wa Thiong'o. Ngũgĩ ndiye mwandishi, Thiong'o ni baba yake. Anayeandika "Thiong'o, N." kwenye orodha ya vitabu amemtaja mzee ambaye hakuandika riwaya hata moja. Kanuni za leo zinalijua hilo, kwa hiyo katalogi makini humwanzia kwenye Ngũgĩ bila kugeuza. Lakini mambo hayaishii hapo. Riwaya zake za mwanzo, za miaka ya 1960, zilitoka kwa jina la James Ngugi. Kuna wanaoweka alama juu ya u na i, na kuna wasioweka. Hata kile kiapostrofi cha Thiong'o kina namna zaidi ya moja kwenye kompyuta, kipo cha wima na kipo cha kujikunja, na kwa mashine kila kimoja ni herufi nyingine. Macho yako yanaona jina moja, mashine inaona majina manne.

Watu wa bin na binti nao wana yao. Fatuma binti Baraka, ambaye ulimwengu unamjua kama Bi Kidude, atafutwe chini ya Fatuma, Baraka, Bi au Kidude? Jibu la mkutubi ni kwamba umbo kuu litakuwa moja, lile ambalo wengi wanamjua nalo, na mengine yatapata "tazama". Siti binti Saad alitupunguzia taabu kidogo: umpange kwa jina lake au la baba yake, ataangukia S tu. Isipokuwa kwamba alipozaliwa aliitwa Mtumwa.

Hadi hapa hii ni habari ya maktaba. Wikipedia inaingiaje?

Ilipoanza mwaka 2001, Wikipedia ilikumbana na tatizo lile lile na ikalitatua kwa njia ile ile, pengine bila waanzilishi kujua kwamba wakutubi walishapita hapo. Kila makala ina kichwa kimoja. Ukiandika jina jingine, kuna ukurasa wa kukuelekeza kwenye makala yenyewe, ambao ndio ile kadi ya "tazama". Watu wakigongana jina, kuna ukurasa wa kutenganisha maana. Tatizo ni kwamba Wikipedia si moja. Ziko lugha zaidi ya 300, Kiswahili kikiwemo tangu mwaka 2003, na kila moja ina vichwa vyake. Sisi tunasema Misri, Mwingereza ana jina lake, Mwarabu lake. Nani aseme kwamba hizi zote ni nchi moja?

Mwaka 2012 ikaanzishwa Wikidata, ghala la taarifa linalozihudumia Wikipedia zote. Humo kila kitu hupewa namba inayoanza na herufi Q. Tanzania ni Q924, Kenya ni Q114, lugha ya Kiswahili ni Q7838. Namba haina tahajia, haina bin wala binti, haihitaji kugeuzwa. Majina ya kila lugha hutundikwa juu yake, na majina ya utani, ya utotoni na ya kalamu huwekwa pembeni.

Maktaba za taifa nazo zilikuwa na mafaili ya majina tangu zamani, kila nchi na lake. Faili la kimataifa liitwalo VIAF huyakusanya: likiona Maktaba ya Bunge la Marekani, ya Ujerumani na ya Ufaransa zote zina rekodi ya mtu yule yule, huzifunga fungu moja na kulipatia fungu hilo namba. Wajerumani ndio waliowahi kuonyesha faida ya kuunganisha pande mbili. Kuanzia mwaka 2005 wahariri wa Wikipedia ya Kijerumani walianza kuunganisha makala za watu na rekodi za maktaba yao ya taifa, na walipokuta rekodi imekosea wakawa wanaripoti makosa hayo. Mwaka 2012 roboti, yaani programu inayohariri yenyewe, ikapachika namba za VIAF kwenye makala takriban 250,000 za Wikipedia ya Kiingereza. Ukishuka hadi mwisho wa makala ya mwandishi utakuta kisanduku chenye vifupisho kama VIAF, ISNI na GND, ambavyo ni majina ya mafaili ya namna hiyo. Wengi hukipita. Ndicho mlango wa kutoka kwenye makala kwenda kwenye rafu za maktaba za dunia.

Roboti hufanya sehemu rahisi. Mkutubi huitwa pale mashine inapokwama. Mfano ni Said Ahmed Mohamed, mwandishi wa riwaya kutoka Zanzibar. Kwenye majarida ya kitaaluma kuna Said A. M. Khamis anayechambua fasihi ya Kiswahili. Ni mmoja au wawili? Mashine inaona majina tofauti na kazi za aina tofauti, inawaacha mbalimbali. Mkutubi anafungua kitabu chenyewe: ukurasa wa hakimiliki, dibaji, maelezo ya mwandishi nyuma ya jalada. Analinganisha mahali alikozaliwa, chuo alikofundisha, kazi anazojitajia mwenyewe. Anagundua ni mtu mmoja, mwenye jina moja la hadithi na jingine la uchambuzi. Ndipo anapoingia Wikidata: anaweka jina la pili pembeni, anaongeza kitambulishi cha VIAF, anataja chanzo. Kama kuna mwingine wa kufanana naye, anajaza sehemu inayosema "tofauti na" ili mhariri mwenye haraka asije akawaunganisha usiku.

Kuunganisha kwa haraka ndiyo dhambi kubwa katika kazi hii, kwa maoni yangu. Mtu mmoja mwenye rekodi mbili ni usumbufu tu, utarekebishwa. Watu wawili waliotiwa kwenye rekodi moja ni maafa, kwa kuwa katalogi nyingine zinanakili, VIAF nayo huchota kutoka Wikidata, na kosa linarudi kwako wiki chache baadaye likiwa limevaa suti, linaonekana kama ushahidi. Ukiwa na shaka, waache wawili.

Kosa jingine la wageni ni kuchanganya mwandishi na anayeandikwa. Wasifu wa Siti binti Saad ni kazi ya Shaaban Robert. Siti ni mada yake. Mkutubi hata hajiulizi, ana nafasi mbili tofauti kwenye rekodi tangu siku ya kwanza ya mafunzo. Mhariri wa kawaida huona jina kubwa kwenye jalada akaliandika penye mwandishi.

Zipo njia nyingine za wakutubi kuchangia. Tangu mwaka 2016 kuna kampeni ya kila mwaka inayomwomba kila mkutubi aongeze chanzo kimoja kwenye Wikipedia, na AfLIA, umoja wa vyama na taasisi za maktaba Afrika wenye makao Accra, umeshirikiana na Wikimedia, shirika linaloendesha Wikipedia, kuwafundisha wakutubi wa bara hili kuhariri. Nazisifu zote. Lakini vyanzo mtu yeyote mwangalifu anaweza kuongeza, majina yanataka fundi.

Na kwetu kazi ipo tele. Mtunzi wa utenzi maarufu wa mwaka 1858 ameandikwa Mwana Kupona na ameandikwa Mwanakupona. Baba yake ni Msham kwa huyu, Mshamu kwa yule, na kuna wanaoongeza Nabhany mwishoni. Nafasi ile moja kati ya "Mwana" na "Kupona" inatosha kumhamisha kwenye orodha: mahali pengine atatangulia Mwanaisha na Mwanahamisi wote, mahali pengine atakaa nyuma yao. Mkutubi atachagua umbo moja, nyingine zote ataziandika pembeni moja baada ya moja, pamoja na zile anazoona zimekosewa, kwa sababu kuna mtu atakayekuja kumtafuta bibi huyu kwa jina lililokosewa.