Mdomo unafunguka siku ya kumaliza mionzi? Bado hujavuka

Juzi tena. Kijana kamleta mama yake kutoka Mikindani, miezi mitano tangu amalize mionzi ya saratani ya findo, tezi iliyo nyuma ya koo. "Daktari, aliporudi mdomo ulikuwa unafunguka vizuri tu, sasa umejifunga ghafla." Haukujifunga ghafla. Umekuwa ukijifunga kila wiki, na hakuna aliyeupima.

Naisikia kauli hii kila mara, na inaniuma, kwa sababu inawapotezea watu miezi ile ile ambayo tungeweza kuwasaidia. Vidonda vya mdomoni hupona wiki chache baada ya mionzi, mtu akala, akashukuru. Lakini ndani ya misuli ya kutafuna kovu ndiyo kwanza linaanza kusukwa, nyuzi kwa nyuzi, na kasi yake kubwa huwa ndani ya miezi tisa ya mwanzo. Baadaye kasi hupungua, ila kilichokwisha kukakamaa hakilainiki chenyewe.

Sasa hapa naomba na wenzangu wa kazi wanisikilize. Napokea barua za rufaa zimeandikwa "amepata grei 70, mikupuo 35", yaani jumla ya dozi ya mionzi na idadi ya vipindi ilivyogawanywa, basi. Grei 70 wapi? Mgonjwa wa saratani ya zoloto, yaani kisanduku cha sauti, na mgonjwa wa findo wanaweza kupata dozi ile ile, na hatari ya taya ikawa mbali kama Lindi na Tunduru. Kwa wa zoloto mionzi inapita shingoni, misuli ya kutafuna iko juu, nje ya njia. Kwa wa findo, au wa uvimbe ulio nyuma ya gego la mwisho, misuli ya pterigoidi, ile ya kutafuna iliyo upande wa ndani wa taya, imelala pale pale jirani. Ninachokitaka mimi ni dozi iliyoangukia masseta, msuli wa kutafuna wa shavuni, na pterigoidi, upande wa kulia na wa kushoto. Ikivuka grei 40 hivi naanza kuwa na wasiwasi, na kila inapopanda wasiwasi unapanda nayo. Ramani ya dozi inayo namba hiyo tayari. Ni kuinakili tu kwenye barua.

Halafu kuna kile kipimo cha milimita 35, kati ya meno ya mbele ya juu na ya chini. Chini ya hapo tunasema taya limekakamaa. Nakitumia, lakini sikiamini peke yake. Aliyeanza na 55 akashuka hadi 38 amepoteza karibu theluthi, na kwa kipimo hicho anahesabika mzima. Aliyeanza na 37 akafika 34 anaitwa mgonjwa. Ndiyo maana pima kabla ya mionzi, kwa rula, uandike. Anayeanza mionzi mdomo ukiwa tayari umebanwa na uvimbe, huyo nampa uangalizi wa karibu kuliko wote.

Kutabiri kwenyewe kuna mipaka. Nimeona wagonjwa wawili wenye dozi zinazokaribiana, mmoja anatafuna korosho za kukaanga, mwenzake anakunywa uji kwa mrija. Na mazoezi pia: tafiti hazikubaliani kama kuyafanya wakati wa mionzi kunazuia taya kukakamaa. Bado nayaagiza, kila siku, kwa vijiti vya mbao vilivyopangwa kati ya meno, kijiti kimoja kikiongezwa pale mwili unaporuhusu. Kulipumzisha taya kwa uji mtupu miezi sita sijaona kukimsaidia mtu.

Nyumbani pimeni kwa vidole vitatu vya mgonjwa mwenyewe, vimesimama wima kati ya meno. Vilivyoingia mwezi jana vikigoma mwezi huu, njooni, msingoje maumivu.

Mama wa Mikindani alifungua milimita 26. Kabla ya vijiti nimemwandikia achunguzwe kwanza, maana saratani inayorudi nayo hufunga taya, na kumlazimisha mtu mazoezi juu ya uvimbe ni kosa. Mwanawe ameandika 26 na tarehe nyuma ya kadi ya kliniki. Ya kabla ya mionzi alinitajia kwa mkono, akipanua vidole hewani: "Hivi, daktari. Ulikuwa unafunguka hivi."